Talaka Mlangoni mwa Kliniki

Matano muuza nyama alikuwa na wivu wa kumtia mtu mzima aibu. Mkewe Ruweida akiitikia salamu ya mwanamme njiani, atataka kujua mwanamme yule ni nani, kwao wapi, na kwa nini ameitikiwa kwa sauti ile. Simu ya mkewe ikilia, yeye ndiye wa kwanza kuitupia jicho. Ruweida akivaa buibui jipya siku ya kwenda chuoni, basi nyumba yao ya Tibirinzi siku hiyo haikaliki.

Ndani ya miaka mitatu ya ndoa alikwishamtaliki mara mbili. Ya kwanza ilitoka kwa sababu Ruweida alicheka sana kwenye simu, kumbe alikuwa akizungumza na binamu yake wa Kiuyu. Ya pili ilitoka siku ya mvua, alipochelewa kurudi akaletwa na gari ya mwalimu iliyojaa wanafunzi wenziwe. Mara zote mbili Matano alilia, akafunga safari ya Kiuyu kwenda kuomba radhi na mguu wa ng'ombe begani, akamrejea mkewe kabla eda haijesha. Mara ya pili baba mkwe wake, Mzee Shaame, aliupokea mguu wa ng'ombe, akauweka chini, akasema, "Umebakisha moja, bwana. Hiyo ukiitoa, nyama yako kawauzie watu wengine."

Matano aliijua maana yake. Talaka ya tatu haina kurejea. Mpaka mke aolewe na mume mwengine, akae naye kweli, na ndoa hiyo nayo ivunjike, ndipo yule wa kwanza apate kumposa upya. Na kila Matano alipomfikiria huyo mume mwengine, uso uliomjia ulikuwa mmoja tu, wa Jawad.

Jawad alikuwa darasa moja na Ruweida katika chuo cha afya pale Chake Chake, wakisomea udaktari. Watu wa ukoo wake walikuwa Waarabu wenye mashamba ya mikarafuu zamani. Siku hizi baba yake akiuza vitambaa dukani na mashamba yamebaki kwenye mazungumzo. Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, akizungumza taratibu kama mtu anayeogopa kumwaga chai. Wenziwe walimchagua awe kiongozi wa darasa, ndiyo maana simu ya Ruweida ilikuwa ikiita kwa jina lake kila mara: kesho mtihani, keshokutwa wodini, mwalimu kasema hivi. Matano aliacha skuli darasa la sita akashika shoka. Kila alipoliona jina lile kwenye kioo cha simu alihisi amejikata mahali na hajui wapi.

Ulikuwa mwaka ule baada ya kura ya maoni ya serikali ya umoja, siasa zimepoa kidogo. Zamani, moto wa vyama ulipokuwa umewaka, mtu alipita bucha tatu ili akanunue nyama kwa mwenziwe wa chama. Sasa watu walikuwa wamerudi kununua popote, na asubuhi bucha la Matano pale sokoni lilijaa maneno kuliko nyama.

Asubuhi moja alikuja Bi Mwanamize, jirani yake wa Tibirinzi, kutaka mifupa ya supu.

"Hongera, mwanangu," akasema.

"Ya nini tena, Bi Mwanamize?"

"Ebo! Usijitie hamnazo mbele yangu. Jana nimempeleka mjukuu wangu kliniki kupimwa uzito, nikamuona Ruweida anatoka chumba cha sindano, anajisugua mkono hapa." Akajigusa chini ya bega. "Nyie vijana wa siku hizi mnaficha mpaka mtoto atoke mwenyewe aseme nipo."

Matano akasimama na shoka mkononi. Kisiwa kizima kinajua kwamba kliniki ya mama na mtoto, mwanamke mtu mzima akichomwa sindano ya mkono, ni ile ya pepopunda wanayopewa wajawazito. Miaka mitatu walikuwa wakimuomba Mungu mtoto. Furaha ikampanda, akakata mifupa bila kutazama mizani, akaongeza na kipande cha ini juu yake, na bado akaona amempunja yule mama.

"Allah akuzidishie," alisema Bi Mwanamize akifunga kikapu. "Na yule kijana mwembamba wa Kiarabu ana adabu, yule. Kamshikia mkoba, kamfungulia mlango. Nikasema huyu lazima wamenyonya ziwa moja."

Alipokwishaondoka, ile furaha ya Matano haikudumu hata mteja wa pili. Kwani mke aliyeomba mtoto miaka mitatu, akampata, atamficha mumewe kwa nini? Aligeuza swali hili huku akichuna, akaligeuza huku akikata, na kila upande alioligeuza lilimpa jawabu moja. Mke anaficha mimba isiyokuwa ya mumewe. Na aliyeshika mkoba ndiye mwenye mimba yake.

Adhuhuri hakuswali sokoni. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, damu ya ng'ombe imemkaukia kwenye vidole.

Ruweida alikuwa uani amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Jana umekwenda wapi?"

"Chuoni."

"Na baada ya chuoni?"

Ruweida akakiweka kifuu chini. "Kliniki ya mama na mtoto. Nilitaka nikwambie, nikawa natafuta saa ambayo huna hasira. Sijaipata."

"Sema sasa."

"Tumechanjwa. Chanjo ya homa ya ini. Chuo kimetaka wanafunzi wote tupimwe na tuchanjwe kabla hatujaanza kushika damu za watu. Ya kwanza nilipata mwezi uliopita, jana ya pili, bado ya tatu, miezi mitano mbele."

"Chanjo wanachanjwa watoto, Ruweida. Mtu mzima anachanjwa ya nini?"

"Tulipozaliwa siye haikuwepo. Wanaozaliwa sasa wanaipata, siye tulipitwa."

"Na hospitali nzima hakuna pahala pengine isipokuwa kwa wajawazito?"

"Friji ya chanjo iko pale. Tungechanjwa wapi, sokoni kwako?"

"Na Jawad alikuwepo kukushikia mkoba."

Ruweida akavuta pumzi. "Jawad ndiye anayetusukuma. Wenzetu wengi wanapata ya kwanza wakapotea. Wengine wanaogopa sindano, madaktari wazima! Wengine wanadhani ugonjwa wenyewe unaambukizwa kwa sahani. Ahmada alikuwa hataki kula na mtu, mpaka mwalimu akamwambia ungekuwa unapita kwa sahani, wewe ungekwishakufa zamani." Alijaribu kucheka, akaona uso wa mumewe, akaacha. "Na kuna jengine, mume wangu. Nataka nawe ukapimwe. Ugonjwa huu unapita kwenye damu, na unapita baina ya mume na mke."

Hapo Matano aliona kiza. Kwake yeye maneno yale yalikuwa na maana moja, kwamba mwanamke amekwisha kuchafuka na sasa anatafuta wa kumsingizia.

"Wewe umeupatia wapi mpaka unitake mimi nipimwe?"

"Sinao. Nimepimwa, niko salama. Nauliza wewe, unayejikata visu kila siku."

"Mimba ya nani, Ruweida?"

Ruweida alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Mimba? Ningekuwa na mimba ningekaa hapa kukuna nazi? Ningekuja sokoni nikapiga vigelegele juu ya gogo lako la nyama, wakajua mpaka watu wa Wete."

Mwanamme mwengine yeyote angelisikia lile jawabu angekaa chini. Matano halikumwingia. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mkewe, pale chini ya bega, pahala ambapo mtu mwengine ameusimamia ukichomwa, naye hakuwepo.

"Ukikanyaga tena kliniki ile," akasema, "talaka yako. Ya tatu."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma habari za karafuu. Ruweida akasimama, unga wa nazi umemjaa mikononi.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Basi sitakanyaga," akajibu, akaingia ndani, akaiacha nazi juu ya mbuzi ikaliwa na kuku.

Asubuhi ya pili Matano hakufungua bucha. Alivaa kanzu, akaenda yeye kliniki kutafuta ushahidi. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye benchi na watoto mapajani. Pembeni walisimama wanafunzi wawili wa kiume waliopangwa kusaidia kupima uzito. Mmoja alikuwa Jawad. Mwengine mnene, huyo ndiye Ahmada.

Mkubwa wa kliniki alikuwa Bi Zuweina, muuguzi wa makamo, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

"Asalaam alaykum," alisema Matano.

"Waalaykum salaam. Mtoto wako yuko wapi?"

"Sikuja na mtoto. Nimekuja kuuliza mimba ya mke wangu ina miezi mingapi."

"Mke wako nani?"

"Ruweida binti Shaame."

Benchi zima likamgeukia. Bi Zuweina akavua miwani. "Ruweida wa chuo? Huyo nimemchanja juzi homa ya ini, yeye na darasa lake. Nani kakwambia ana mimba?"

"Kaonekana anachomwa sindano ya mkono."

"Aah! Kumbe!" Bi Zuweina akageuka. "Jawad! Hebu njoo hapa, mwanangu. Huyu bwana anasema kila niliyemchoma mkono juzi ana mimba. Yako ina miezi mingapi?"

Kicheko kikapasuka mpaka watoto wakaanza kulia. Ahmada akajishika tumbo. "Yangu mie nahisi mapacha, Bi Zuweina!"

Jawad peke yake hakucheka. Alivuta kiti, akasema, "Kaka Matano, karibu ukae." Upole ule ulimchoma Matano kuliko vicheko vyote. Angekuwa amecheka, angempiga ngumi, ikesha.

"Kwa kuwa umekuja, usiondoke bure," alisema Bi Zuweina. "Wenye waume na wake tuliwaambia wawalete wapimwe. Jawad huyu amepimwa, salama. Ruweida amepimwa, salama. Bado wewe."

Jawad salama, Ruweida salama. Wametajwa kwa pumzi moja, mbele ya watu, kama majina ya bwana na bibi harusi. Matano akamtazama yule kijana, shati lake, ngozi yake, kucha zake safi, na sasa kumbe mpaka damu yake imepimwa ikasifiwa. Akakunja mkono wa kanzu.

"Nipimeni! Mie sijapata hata kulala kitandani kwa homa. Damu yangu haishindwi na ya mtu."

Jawad akaenda kuchukua vifaa.

"Si yeye," alisema Matano. "Huyu asinishike."

Basi Bi Zuweina mwenyewe akamchoma kidole, akadondosha tone la damu kwenye kipimo, wakangoja. Matano alikaa kifua mbele kama mtu anayengoja kutangazwa mshindi. Bi Zuweina alipokitazama kipimo, mzaha ukamtoka usoni. Akamwita chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Unao," akamwambia.

"Nini?"

"Homa ya ini. Damu yako inao. Keti, Matano. Kuwa nao si kufa. Wengi kisiwani wanao na hawajui. Pengine uliupata kwa mama ulipozaliwa, pengine kwa wembe mmoja mliotahiriwa nao watoto wengi, pengine visu vya kazini. Hakuna wa kukwambia. Utakwenda hospitali wakupime tena, walitazame ini, na ukitakiwa dawa utapewa. Kula na watu, peana mikono na watu, hakuna neno. Ila wembe wako na mswaki wako ni wako peke yako."

"Na mke wangu?"

"Mke wako amepata mbili. Akimaliza ya tatu, kinga yake imekamilika, mtaishi kama mke na mume wengine. Mpaka hapo, mlinde, msilale pamoja bila kinga. Mungu akiwajaalia mtoto, naye atachanjwa mara tu akizaliwa. Tumwambie sisi, au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mie."

Alitoka. Jawad alikuwa kwenye mizani amembeba mtoto wa watu.

"Kheri, kaka?"

"Niko salama," alijibu Matano, akapita.

Hakumwambia mkewe. Siku ile alisema kesho, na kesho yake akasema Ijumaa, na Ijumaa ikapita. Alihamia sebuleni kulala juu ya mkeka, akadai mgongo unamuuma. Wembe wake akaupeleka bucha. Mchana akikata nyama, akijikwaruza kidogo tu, anafunga kitambaa mara mbili na kumfukuza kila aliye karibu. Alikwenda hospitali kimya kimya, wakamtoa damu, wakamwambia ini bado zima, arudi baada ya muda. Hata hilo hakulisema. Kila alipoufungua mdomo alimuona Jawad mwenye damu safi amesimama nyuma ya mkewe, anangoja. Angelisema, Ruweida angewapima wawili. Mmoja salama, mmoja anao. Nani asiyejua mizani itaangukia wapi?

Ruweida naye aliuona mkeka sebuleni, akadhani ni hasira za kliniki zingali zipo. Akapika, akasoma, akanyamaza. Miezi ikapita nyumba ikiwa kama ya wapangaji wawili.

Jioni moja simu ililia mezani. Jina lilikuwa lile lile. Matano akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mie siji, Jawad," alisema Ruweida. "La, si mgonjwa. Nina sababu zangu. Waambie hivyo hivyo." Akaikata.

"Anataka nini?" aliuliza Matano.

"Chanjo ya tatu. Wenzangu wanamaliza wiki hii. Mwalimu kasema asiyemaliza hataingia leba wala chumba cha upasuaji."

"Na wewe?"

"Mie nimekwishamwambia siji. Kwani umesahau? Kule nikikanyaga nimeachika. Nitabaki darasani na vitabu, wenzangu wawe madaktari." Akamgeukia. "Mie sikuolewa nije niachike kwa sindano. Walikuja watu Kiuyu kuniposa kabla yako, wana magari. Nikasema namtaka Matano. Wewe hili huliamini na hutaliamini, lakini ndivyo ilivyo."

Miezi mitano nyuma maneno haya yangemfanya Matano atembee sokoni kichwa juu. Ndiyo aliyokuwa akiyataka tangu siku ya ndoa, mke amkatae Jawad kwa mdomo wake, na yeye anasikia. Sasa mkewe alikuwa anaiacha kinga kwa ajili yake, na ugonjwa wenyewe uko kwake.

"Ruweida," akasema. "Nenda kachanjwe."

"Nikaachike?"

"Mie ninao."

"Una nini?"

"Huo. Homa ya ini. Nimepimwa."

Ruweida akakaa kitandani polepole. "Lini?"

"Asubuhi ya pili ya kile kiapo."

"Miezi yote hii?" Sauti ilimpanda. "Miezi yote hii nadhani unanichukia! Nimelala peke yangu nalia, nasema huyu keshanitoa moyoni, kumbe! Matano, mie nasomea ugonjwa huu! Ungeniambia mie kabla ya kila mtu. Kuugua si kosa lako. Kuninyamazia ndiyo kosa lako. Kwa nini?"

Matano alitazama chini. "Kwa sababu Jawad hana."

Ruweida akacheka, kicheko kibaya, machozi yanamtoka. "Umenificha mie kwa sababu ya damu ya Jawad! Subhanallah. Wewe mtu wewe, unataka nikufanye nini?"

Kesho yake Matano alikwenda kwa Shehe Ngwali, aliyemfungisha ndoa. Akamsimulia yote, hata yale ya aibu. Shehe alikuwa amevimba jino siku hiyo na hakuwa na subira.

"Ulisema akikanyaga kliniki?"

"Nilisema."

"Ulisema isipokuwa kwa dawa? Isipokuwa kwa dharura?"

"Sikusema, Shehe."

"Ulikuwa umelewa, umelala, umetekwa?"

"Nilikuwa na wivu."

"Wivu hauna udhuru kwangu. Neno umelitundika mlangoni pale kwa mdomo wako, na mie sina ngazi ya kulishusha. Akikanyaga, limepita. Na ni la tatu. Nenda, bwana, jino linaniuma."

Alirudi nyumbani amevunjika. Ruweida alikuwa amefikiri, kama kawaida yake, wakati mumewe akihangaika.

"Kiapo chako kinahusu miguu yangu," akamwambia. "Chanjo si lazima ikae kwenye friji. Wakienda maskulini wanaibeba kwenye kisanduku cha barafu. Nenda kaombe wailete hapa."

Bi Zuweina alimsikiliza kupitia dirishani, maana Matano mwenyewe sasa alikuwa anauogopa mlango ule kama kwamba na yeye anaweza kuachika.

"Mie siondoki, nina wajawazito mpaka nje," akasema. "Alkhamisi kisanduku kinakwenda skuli ya huko kwenu Tibirinzi. Atakayekibeba ni Jawad."

"Hakuna mwanamke?"

"Wanafunzi wa kike wiki hii wako wodi ya wazazi."

"Na yule mnene?"

"Ahmada? Ahmada akichoma, anayechomwa na anayechoma wanalia pamoja. Mtake Jawad. Na kamuombe mwenyewe, kwa ulimi ule ule uliokuja kutukania watu hapa."

Alimkuta Jawad kwenye duka la baba yake, anakunja vitambaa. Matano alisimama kizingitini, akaanza kwa hali ya hewa, akapita kwenye bei ya ng'ombe, mwisho akaishiwa.

"Mke wangu hajamaliza chanjo," akasema. "Nataka umletee nyumbani. Mie ninao ule ugonjwa. Siku ile nilikudanganya."

Jawad aliendelea kukunja kitambaa mpaka pembe zikakutana. "Nilijua, kaka. Mtu aliye salama hatoki na uso ule." Akakiweka juu ya vyenziwe. "Na habari ya kiapo, kwa sauti ile ya Bi Zuweina, darasa zima tunayo. Mie nisikufiche kitu, kwa kuwa umenijia na haja. Ungemuacha, ningengoja eda yake ishe, nikapeleka posa Kiuyu. Yeye hajui. Sijapata kumwambia hata neno moja, na maadamu ni mkeo sitamwambia."

Mkono wa Matano ukatafuta shoka ubavuni, ukakuta kanzu tupu. Kumbe hakuwa mwendawazimu. Miaka yote ile walimwambia wivu wake ni wa bure, na huyu hapa, mwenyewe, amesema kwa sauti ya taratibu kama anayetaja bei ya yadi moja ya kitambaa. Na hakuna alichoweza kumfanya, maana akimpiga, nani atakuja na kisanduku?

"Na bado utakuja?" akauliza.

"Nitakuja. Chanjo ni haki yake. Ila uwepo, mlango uwe wazi, na visu vyako viache bucha."

Jawad alijua anachokifanya. Angelikataa, angelisema tu kwamba kisanduku hakitoki, Ruweida angebaki baina ya kukanyaga na kutokukanyaga, na huenda siku moja angekanyaga, akaachika. Matano alilijua hilo pia. Njia nzima ya kurudi alimchukia yule kijana zaidi kuliko siku zote, kwa sababu sasa alikuwa na deni la kumshukuru.

Alkhamisi, saa nne asubuhi, Jawad akapiga hodi. Ruweida alitoka na ushungi wake, akakaa kiti cha pembeni, akapandisha mkono wa nguo mpaka bega, hata kidole kimoja zaidi hakuongeza. Matano alisimama karibu kabisa, kivuli chake kimeuangukia ule mkono.

"Kaka, sogea kidogo, nataka mwangaza," alisema Jawad.

Matano akasogea. Aliona pamba ikipita kwenye ngozi. Aliona vidole vya Jawad vikiubana msuli wa mkewe, na akaanza kuhesabu moyoni muda vilivyokaa pale, akajiona anahesabu, na bado hakuweza kuacha. Sindano ikaingia, ikatoka. Jawad akaweka pamba, akaondoa mkono wake mara moja kama aliyegusa chungu cha moto.

"Imekwisha, dada Ruweida. Umemaliza."

"Ahsante, Jawad. Ahsante sana. Mungu akulipe."

"Amin." Hakumtazama usoni. Akafunga kisanduku, akampa Matano mkono, na Matano akaupokea. Akatoka zake kuelekea skuli, shati limemlowa mgongoni.

Ruweida alibaki ameikandamiza pamba. "Kuna jambo nataka ulijue mapema," akasema. "Nimemaliza chanjo, nitaingia leba na upasuaji. Mwakani tutapangiwa kliniki ya mama na mtoto, kila mwanafunzi mwezi mzima. Zamu yangu ikifika, mie nitaingia."

"Ruweida!"

"Nitaingia. Safari hii nilikuwa tayari kuacha, kwa kuwa nilidhani hukunificha kitu. Sitaacha tena. Una mwaka mmoja. Tafuta mashehe wengine, nenda kwa kadhi, uliza mpaka Unguja kama kuna anayeweza kukufungulia lile neno. Likifunguka, mie mkeo. Lisipofunguka, umeniacha wewe, si mie niliyekuacha."

Matano alitaka kujibu. Alikuwa na mengi. Alitaka kuuliza kwa nini Jawad amepewa ahsante mbili na dua juu yake, wakati yeye aliyekwenda kumuomba hakupewa hata moja. Neno lilimpanda likafika kwenye meno, akalihisi pale, kali na tayari kutoka kama yale mengine yote yaliyotoka kabla yake.

Akafunga mdomo. Akachukua kofia, akauliza kama mkono unauma.

"Kidogo," alisema Ruweida.

"Basi mie nakwenda kwa kadhi," akasema, akatoka, na bucha siku hiyo hakulifungua.